Namba Iliyo Chini ya Rangi

Mashine ya kwanza ya boti niliyoletewa ilifika karakanani kwangu Kyela ikiwa imelazwa juu ya magunia ya mpunga, na kwenye kava lake la juu ilikuwa imeandikwa 25 kwa tarakimu kubwa zilizoanza kubanduka. Wakati huo nilikuwa na miaka tisa katika ufundi, saba kati ya hiyo nikiwa Mwanjelwa, jijini Mbeya, nikitengeneza pikipiki, pampu za maji na mashine za kukobolea mpunga, kwa hiyo injini inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili haikuwa ngeni kwangu. Ugeni ulikuwa kwenye spea. Spea za pikipiki utazikuta katika kila mtaa, na muuzaji atakupa kwa kutaja jina tu. Mashine ya boti iliyokwisha kupita mikononi mwa wamiliki watano au sita, ikafungwa vifaa vya mashine nyingine kila ilipoharibika, haina muuzaji anayeijua kwa jina. Sikulijua hilo, na gharama ya kutokulijua niliilipa mimi pamoja na mwenye mashine.

Mwenye mashine alikuwa mzee anayesafirisha abiria na mizigo kutoka Matema kwenda Ikombe na vijiji vingine vya Wakisi vilivyo chini ya Milima ya Livingstone, ambako milima inashuka hadi majini na njia ya kutegemewa ni Ziwa Nyasa lenyewe. Nilimwamkia, "Mugonile, mzee," naye akaitikia, kisha akasema bila kupoteza muda, "Fundi, inachemka. Badilisha impela tu, mengine yako sawa."

Impela, kwa msomaji asiyeifahamu, ni gurudumu dogo la mpira lenye mabawa laini, linalokaa ndani ya pampu juu kidogo ya giaboksi ya chini na kupandisha maji ya ziwa yakapoze injini. Mchanga huila. Boti zetu hupita mara kwa mara kwenye midomo ya mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ambako maji ni machache na mchanga ni mwingi, na impela ambayo kwenye maji safi ingedumu miaka miwili inaweza kuchakaa katika msimu mmoja. Ile ya mzee ilikuwa imebaki na mabawa matatu mazima. Nilisoma 25 kwenye kava, nikapiga simu kwa muuzaji Dar es Salaam, nikamwambia nataka impela ya mashine yenye nguvu ya farasi 25, na baada ya siku mbili ikaletwa na basi.

Niliilinganisha na ile ya zamani kwa macho. Idadi ya mabawa ilikuwa sawa, tundu la katikati lilikuwa sawa, na mfereji wa kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga impela izunguke pamoja na shafti, ulikuwa sawa. Ikaingia kwenye shafti bila kulazimishwa, nikafunga pampu, nikaijaribu mashine ndani ya pipa la maji, na maji ya kupozea yakatoka pembeni kama kawaida. Sikupima kimo. Baadaye, nilipoipima kwa venia kalipa, kifaa cha kupimia milimita kwa usahihi, nilikuta impela mpya ni fupi kuliko ya zamani kwa milimita mbili. Impela fupi ndani ya chumba kirefu huacha nafasi juu ya mabawa, maji yakawa yanazunguka humo humo badala ya kusukumwa juu. Ndani ya pipa, mashine ikiunguruma polepole, kasoro hiyo haionekani. Siku ya nne, katikati ya Matema na Ikombe, boti ikiwa imejaa watu na upepo wa mwera ukivuma kutoka kusini, pistoni ya juu iliganda na injini ikanoki. Walipiga makasia kwa zaidi ya saa mbili. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini alikuwamo mama aliyekuwa akimrudisha mtoto nyumbani kutoka hospitali, na nilipoambiwa habari hiyo sikupata usingizi.

Pistoni na ringi nilizinunua kwa fedha yangu. Kabla ya kuagiza chochote kingine, hata hivyo, niliishusha mashine yote hadi bolti ya mwisho, nikaitandaza juu ya turubai, nikaanza kuitazama upya kama mtu asiyejua ni mashine ya nani. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, imepakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Niliikwangua ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini, kwa kijiti cha mwanzi ili nisikwaruze chuma, nikasugua kwa mswaki uliochovywa kwenye mafuta ya taa, kisha nikapaka majivu makavu na kuyafuta kwa kiganja. Majivu yalibaki kwenye mabonde, na herufi zilizotokeza pamoja na chuma tangu kilipomiminwa kwenye kalibu zikaonekana waziwazi: alama tatu zilizoshikana, tarakimu na herufi. Nikafanya vivyo hivyo kwenye ganda la giaboksi. Alama tatu nyingine, tofauti. Kwenye mabano ya kufungia mashine nyuma ya boti nikakuta alama za namna ya tatu. Kava lenye namba 25 halikuhusiana na hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu. Nilikuwa nimeisoma kofia nikadhani nimemjua aliyeivaa.

Mashine ile ilikuwa ya Yamaha, na kampuni hiyo, iliyoanza kuuza mashine za boti mwaka 1960, ina mpangilio wa namba za spea ambao ukishauelewa hukuokoa mara nyingi. Namba kamili huanza na alama tatu, ikafuata namba ya tarakimu tano, halafu tarakimu mbili za marekebisho. Alama tatu za mwanzo hutaja mashine ambayo spea hiyo ilibuniwa kwa ajili yake kwa mara ya kwanza. Tarakimu tano za katikati hutaja kazi ya spea yenyewe, na hizo hazibadiliki kutoka mashine moja kwenda nyingine: 44352 ni impela, iwe kwenye mashine ndogo au kubwa, 11631 ni pistoni ya kipimo cha kawaida, 11635 ni pistoni iliyoongezwa robo ya milimita, na 11636 iliyoongezwa nusu milimita, kwa bloku lililokwisha kuchongwa. Kwa hiyo 63V-44352 na 689-44352 zote ni impela, ila ya kwanza ni ya mashine ndogo za farasi 15 na ya pili ni ya ukoo wa farasi 25 na 30. Muuzaji akikutajia namba ambayo katikati yake si 44352, basi hata kama anaapa kwamba ni impela, mwambie aitazame tena.

Yapo makosa niliyoyafanya hata baada ya kuujua mpangilio huo, na lililonisumbua zaidi ni kudhani kwamba alama tatu zilizo kwenye chuma zinataja mashine iliyo mbele yangu. Kiwanda hakitengenezi kila kitu upya kila kinapotoa mashine mpya. Ganda lililobuniwa kwa mashine ya zamani huweza kuendelea kutumika kwenye mashine zilizofuata kwa miaka mingi, likiwa na alama zake zilezile za kuzaliwa. Alama hukuambia ukoo wa chuma hicho. Umri wake na vitu vilivyofungwa ndani yake itakupasa uvitafute kwa vipimo.

Vipimo vyangu sasa ni vilevile kila mara, na huvichukua kabla sijashika simu. Kwa impela napima kipenyo, kimo, tundu la katikati na upana wa mfereji wa kii, nami nachukua vipimo vya chumba chake pia, kwa kuwa impela ya zamani inaweza kuwa yenyewe ndiyo iliyokosewa na fundi aliyenitangulia. Kwa gia nahesabu meno ya ndogo na ya kubwa: meno 13 kwa 27 hukupa uwiano wa 2.08, na jozi yenye hesabu nyingine, hata ikilingana kwa macho, haitaingiliana nayo. Kwa shafti nahesabu meno ya ncha zote mbili. Urefu wa mguu wa mashine ni inchi 15 kwa mfupi na inchi 20 kwa mrefu, na shafti ya mmoja haiwezi kufanya kazi kwenye mwingine. Baada ya hapo ndipo ninapopiga picha, spea ikiwa juu ya karatasi nyeupe na rula pembeni yake, nikaituma kwa muuzaji pamoja na namba zilizoandikwa kwa mkono wangu. Tangu nianze kufanya hivyo, spea nilizorudisha Dar es Salaam ni mbili tu.

Mzee alipokuja kuitazama mashine yake ikiwa imetandazwa kwenye turubai, alikaa kwenye benchi kwa muda mrefu bila kusema. Nilimwonyesha alama za bloku, za giaboksi na za mabano, nikamweleza kwamba alichonacho ni mashine tatu zilizofungwa pamoja. Aliniuliza swali moja tu, ambalo naona lilikuwa la haki: "Sasa mwanangu, hilo hukuliona siku ile ya kwanza?" Nikamjibu kwamba sikulitafuta.

Mashine za Kimarekani zina siri zake. Miaka michache baada ya hapo nililetewa Johnson kutoka upande wa Ludewa, ambayo kibati chake cha namba, kinachokaa kwenye mabano, kilikuwa cha mashine nyingine kabisa. Johnson na Evinrude zilikuwa chini ya kampuni moja, iliyokuja kuitwa Outboard Marine Corporation, tangu mwaka 1936, na kwa sababu hiyo spea za Johnson huingia kwenye Evinrude ya nguvu ileile na mwaka uleule, jambo linalompa fundi wa huku nafasi mbili za kupata badala ya moja. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2000, jina la Evinrude likachukuliwa na Bombardier, na mwaka 2020 utengenezaji ukasimamishwa. Kwa hiyo leo anayetafuta spea ya Johnson ya zamani anategemea mabaki ya maghala na watengenezaji wengine, nao wote watamwuliza kwanza: ni ya mwaka gani?

Jibu la swali hilo liko kwenye bloku lenyewe. Juu yake kuna kizibo kidogo cha bati, cha mviringo, ambacho kiwandani kiligongwa namba ya modeli ya mashine. Watu wengi hukipaka rangi bila kujua, au hukidhania kuwa ni kiraka. Nilikisafisha kwa mafuta ya taa na kitambaa, bila msasa, maana herufi zilizogongwa kwenye bati jembamba hufutika kwa msasa mara moja. Kwa mashine za kampuni hiyo kuanzia mwaka 1980, mwaka umefichwa katika herufi mbili za namba hiyo zinazotangulia ile ya mwisho, na ufunguo wake ni neno la Kiingereza lenye herufi kumi zisizojirudia, INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9 na S ni 0. Herufi zangu zilikuwa CT. C ni nane, T ni tatu: mashine ya mwaka 1983. Nililiandika neno hilo kwa chokaa juu ya mlango wa karakana na liko hapo hadi leo.

Bolti nazo husema. Fundi aliyekulia kwenye pikipiki za Kijapani hushika spana namba 10, 12 na 14 bila kufikiri, na mashine ya Kijapani humkubali. Kwenye Johnson spana namba 13 inakaribia kukaa lakini inacheza, kwa sababu bolti ni ya inchi. Ukikuta kwenye mashine moja bolti za inchi upande mmoja na za milimita upande mwingine, jua kwamba kuna mtu alikwisha kupanua tundu na kukata uzi mpya, na kwamba spea ya kiwandani huenda isifungike mahali hapo. Mara moja tu nimekutana na mashine ambayo spana zangu zote, za inchi na za milimita, zilikataa. Ilikuwa British Seagull ya Uingereza, iliyoachwa na mmisionari kwenye stoo moja karibu na ziwa, isiyo na kava wala kifuniko, tangi lake la shaba likiwa jeupe kwa vumbi, ikiwashwa kwa kamba unayoizungusha kwa mkono kila mara. Bolti zake zilikuwa za kipimo cha zamani cha Waingereza kiitwacho Whitworth. Namba yake, iliyogongwa kwenye ganda la krenkishafti, ilisomeka vizuri baada ya dakika tano za mswaki. Mashine za zamani za aina hiyo zilikunywa sehemu moja ya oili kwa kumi ya petroli, kiasi kikubwa ambacho kijana aliyezoea pikipiki hukiona ni kosa. Akipunguza kwa mazoea, anaziua beringi zake.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa nyanda hizi hasa. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Mashine inayotengenezwa Mbeya hujaribiwa kwenye hewa nyepesi, ambayo hufanya mchanganyiko wa petroli uwe mzito, moshi uwe mwingi na plagi ziwe nyeusi. Fundi asiyetafakari hupunguza petroli: hukaza skrubu, au hubadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli inayoingia, akaweka yenye namba ndogo, na mashine inapendeza pale Mwanjelwa. Ikiteremshwa Uyole, Tukuyu hadi Kyela, hewa inakuwa nzito, petroli haitoshi, na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli hiyohiyo, pistoni inakosa vyote viwili. Nimefungua injini tatu zilizokufa kwa namna hiyo. Kwa hiyo ninapotambua spea za kabureta, naisoma namba iliyogongwa kwenye jeti kwa kioo cha kukuzia, naiandika, na siichukulii jeti niliyoikuta kuwa ndiyo ya mashine hadi nimeilinganisha na kipimo cha kiwanda.

Watu huniuliza kwa nini tusichonge tu, ilhali Mbeya kuna wachongaji hodari wa vyuma. Nachonga. Bushi, boksi la pampu lililoliwa na mchanga, vishikizo na pini za propela nimechongesha nyingi, na zinafanya kazi. Hata hivyo pini ya propela nayo ina tabia yake: kwenye mashine nyingi ndogo imekusudiwa ikatike propela inapogonga jiwe, ili gia zipone. Nimewahi kufungua mashine ambayo badala ya pini ilikuwa na kipande cha nondo. Nondo ilibaki nzima. Meno manne ya gia yalikuwa chini ya oili, yamesagika kama punje za mchele. Kwa hiyo kabla ya kuchongesha kitu huuliza kwanza kilitengenezwa kwa chuma gani na kwa nini, na kama sijapata jibu, nasubiri spea yenyewe.

Dalili nyingine naitaja kwa ufupi. Ziwa letu lina maji yasiyo na chumvi, na mashine iliyoishi hapa tangu mwanzo huwa na tope na mchanga kwenye njia zake za maji. Ukikuta ganda jeupe la chumvi lililoshikamana ndani ya bloku, chuma hicho kilifanya kazi pwani kabla ya kuletwa huku, na bolti zake, zilizoganda ndani ya alumini, hazitatoka bila moto. Zipashe kwanza, uzigonge taratibu, ndipo ushike spana.

Mashine ya mzee ilipokamilika, bloku likiwa na pistoni za robo milimita na pampu ikiwa na impela ya ukoo wa giaboksi na si wa kava, nililigeuza kava chini juu. Ndani yake, mahali ambapo maji hayafiki, niliandika kwa rangi nyeupe na brashi ndogo alama za bloku, alama za giaboksi, alama za mabano, namba ya jeti, kipimo cha pistoni na tarehe. Nje niliiacha ile 25 kama ilivyokuwa, kwa sababu mzee alisema abiria wake wamezoea kuiona. Tuliipeleka Matema siku ya Jumamosi, siku ya soko la vyungu pale Lyulilo, tukaifunga kwenye boti na kwenda nayo hadi Ikombe na kurudi, mimi nikiwa nimekaa nyuma na mkono wangu juu ya bloku, na muda wote maji ya kupozea yalitoka ya uvuguvugu. Mwaka jana mzee aliikabidhi kazi ya boti kwa mjukuu wake. Kijana alinipigia simu kutoka ufukweni akitaka impela nyingine, na kabla sijamuuliza kitu nikasikia anafungua kava, anasogea kwenye mwanga, na kuanza kunisomea alama za giaboksi, moja baada ya nyingine.